Sinema ya Trekta

"Sasa Mama Blandina, binti yako akipanda trekta na gauni, upepo tutauambia nini? Na akivaa suruali, padri tutamwambia nini?"

Ndivyo jirani yake Bibiana alivyomuuliza Katarina wakiwa kila mmoja upande wake wa ua, na Katarina akaishia kucheka. Lakini Jumapili ile kicheko kilimkauka. Baada ya misa kijiji kizima kilijazana ndani ya ghala la ushirika, madirisha yamezibwa kwa magunia, kutazama sinema ya kilimo iliyoletwa na gari la serikali. Ikiisha, Mwenyekiti Hhando angepigisha kura ya mikono: nani aende Arusha kujifunza kuendesha trekta jipya la kijiji, kijana Clemensi au Blandina? Atakayepata angeondoka na gari lile lile. Na Blandina alilitaka trekta lile kwa roho yake yote. Tangu baba yake afariki, ndiye aliyeshika plau nyuma ya maksai.

Sinema ilitoka nchi za mbali. Kwa hiyo, kama kawaida, Bartolomeo, mchekeshaji wa kijiji, alipewa kipaza sauti atafsiri. Kwake wanaume wote wa sinema walisema kwa sauti nzito ya busara. Wanawake walilia tu na kuuliza njia.

Mara akatokea mwanamke, amekaa juu ya trekta!

"Uwiii!" Bartolomeo akabana sauti puani. "Mume wangu weee, breki iko wapi? Mimi nilidhani hili ni jiko!"

Ghala likalipuka kwa vicheko. Clemensi akajipiga mapaja. Blandina akajivuta ndani ya kanga yake.

"Ayo, mama yangu, twende nyumbani," alimnong'oneza mama yake.

Katarina alikuwa anaitazama sinema. Trekta kule lilikuwa limezimika. Mwanaume mmoja alilizunguka, akalipiga gurudumu teke, akajikuna kichwa. Mwanamke akashuka, akafungua ubavu wa injini, akazamisha mkono.

"Hapo mume anamfundisha," Bartolomeo akasema. "Shika hapa mpenzi, pale utavunja kucha!"

Katarina akafanya ishara ya msalaba, akainuka. Akapenya watu mpaka mbele.

"Bartolomeo mwanangu, lugha hiyo unaijua?"

"Mama, wewe kaa tu utazame..."

"Unaijua?"

"Aa... kidogo."

Watu wakaguna. Miaka yote walidhani anaijua!

"Kama ni kidogo hata mimi naijua. Lete hicho." Kipaza sauti kikapiga mluzi, Katarina akaruka, watu wakacheka, naye akacheka nao. "Mimi sitafsiri. Nasema ninachokiona. Mwanaume amekunja mikono. Mwanamke ana grisi mpaka viwikoni. Anakaza nati. Anapanda... Tazameni moshi huo! Limewaka!"

"Limewakaaa!" akina mama wakaitikia kutoka nyuma, vigelegele juu.

"Na mwanaume sasa anafanya nini?"

"Anapisha njia!" Bibiana akapaza sauti kuliko wote.

Magunia yaliposhushwa na mwanga kuingia, Hhando akaita mikono. Ya Clemensi ilikuwa mingi. Ya Blandina ikainuka kama mahindi ya masika: akina mama, vijana, wazee waliomwona akilima na maksai, hata Bartolomeo mwenyewe, akicheka kwa aibu. Hapakuwa na haja ya kuhesabu.

"Asante Yesu! Asante Yesu!" Katarina alisahau kuwa bado ameshika kipaza sauti, na ghala zima likasikia.

Hhando akakohoa. "Haya, Blandina, umeshinda. Lakini mwanamke hufikiria na nyumbani. Mama yako mjane atachotewa maji na nani? Clemensi hana shida hiyo."

"Kwani Clemensi hana mama?" Katarina akauliza.

Vicheko vikatikisa mabati. Mama yake Clemensi ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akajifuta machozi. Hhando alimgeukia Blandina, akingoja jibu. Msichana alimtazama mama yake. Katarina akamwonyesha mlango kwa kidevu. Blandina akajifunga kanga kiunoni, akakaza fundo, akatoka kwenda kwenye gari la serikali.