Homa ya Jumamosi

Betri ya Muhonja ilikuwa na homa, na homa yenyewe ilikuwa na ratiba. Jumapili hadi Ijumaa ilikuwa nzima kabisa. Ikifika Jumamosi saa tisa alasiri, joto linapanda, betri inajizima, na nyumba kumi na mbili kule Buyangu zinabaki bila umeme hadi jioni.

Muhonja aliyaona hayo kwenye kompyuta, akiwa maabara ya chuo kikuu mjini Kakamega. Utafiti wake wa uzamili ulikuwa wa kuonyesha kwamba umeme wa jua unaweza kuhifadhiwa kwenye betri moja kubwa na kugawiwa kijijini bila fundi wa kukaa pale kuilinda. Alikuwa amebadilisha feni, amekaza nyaya, ameomba hata Mungu. Wapi!

"Wiki mbili," alisema Dakta Simiyu, msimamizi wake, mtu ambaye akitabasamu watu hugeuka nyuma kuona nani ameingia. "Jumamosi hii ipite; ikijizima tena katika wiki hizo mbili zinazofuata, tunaihamisha. Utaanza upya kwingine."

Kuanza upya ni mwaka mzima. Tusifichane, Muhonja alilia kidogo chooni.

Cha kushangaza ni kwamba betri ile ilitunzwa kama yai. Ilikaa sebuleni kwa Mama Mukhwana kule Buyangu, kwa kuwa mlango wake ndio uliokuwa na kufuli la maana. Kila Jumanne Muhonja alipokwenda kukagua, aliikuta imepanguswa hadi inang'aa. Kisha yeye na Mama Mukhwana wangekaa jikoni, wale obusuma, ule ugali wa kwao, na mboga, wacheke mpaka jua lipinde.

Jumamosi hiyo alifunga safari bila kupiga simu. Alifika saa tisa kasorobo, akasikia sauti za wanawake ndani. Chama chao cha akiba cha kila Jumamosi kilikuwa kikikutana. Akapiga hodi, akaingia.

Sebule ilikuwa imevaa. Kila kiti, kila meza, hata redio, ilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Na pale pembeni betri ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa kikubwa kuliko vyote, kizito, kimeshuka hadi sakafuni na kuziba matundu yote ya kupitisha hewa. Juu yake kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

Muhonja aliinama kukitazama. Katika karatasi ya maagizo alikuwa ameandika usimwage maji, usiguse nyaya, usikaribishe moto. Kitambaa hakikumjia kichwani, yeye ambaye mama yake mzazi hufunika hata jiko la gesi wageni wakija.

"Mama, mbona Jumanne sionangi hicho kitambaa?"

Mama Mukhwana alimtazama kwa huruma. "Jumanne si ni wewe tu unakujanga? Kwani wewe ni mgeni? Wewe ni mtoto wa jikoni. Leo kuna wageni, na hiyo ndiyo kitu ya maana kwa hii nyumba. Niiache uchi?"

Wanawake wakaitikia kwamba uchi haufai.

Muhonja alifurahi kuitwa mtoto wa jikoni, akafurahi sana, lakini chini ya kitambaa taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Na utamwambiaje mama mtu mbele ya wageni wake kwamba urembo wake ndio ugonjwa?

"Mama," alisema taratibu, "inapumua. Mapua yake yako hapa kando."

"Uwi! Kumbe nimekuwa nikiiziba mapua!"

Kitambaa kikatolewa kwa kishindo, maua yakaangukia mapajani mwa mweka hazina, na kicheko kikalipuka. Feni ilipumua, taa ikarudi kijani.

Wiki mbili zikapita bila betri kujizima hata mara moja. Iliyobaki ni ripoti, na Muhonja aliamua kuandika ukweli, ingawa Dakta angeweza kumwita mzembe na kumtimua: "Kosa ni la mtafiti. Hakuuliza nyumba hii hupokeaje wageni." Akaikabidhi.

Dakta Simiyu akasoma ukurasa ule, akaurudia. Akatoa simu, akapiga nyumbani.

"Mama Cindy, hebu angalia ile betri yetu ya sebuleni... Ndiyo, kile kitambaa alichofuma mama. Kiondoe... Najua kuna wageni."

Akaiweka simu mezani.

"Fundi amekuja kwangu mara nne, hajaona ugonjwa," alisema, akavuta kalamu, akaitia ripoti sahihi.