Kazimili Aliyeokota Herufi

Watu walikuwa wameshaanza kuondoka. Mmoja mmoja waliinama mlangoni mwa banda la video la Zulfa, wakavuka barabara ya Lusahunga kwenda banda la Kazimili, ambako mizinga ya filamu ya vita ilikuwa ikirindima. Mzee Maulidi, kipaza sauti mkononi, aliendelea kutafsiri huku akiitazama migongo yao.

Zulfa alikwisha kusema: mabenchi yasipojaa leo, kesho banda ni ghala la mahindi. Na Maulidi, aliyetafsiri filamu katika mabanda yote kutoka Kigoma hadi Rusumo, angefunga tena mkoba wake. Miguu ilikuwa tayari, kama siku zote. Moyo ndio uliochoka kuifuata.

Filamu yenyewe aliipenda mno. Ya zamani, haina rangi. Magazeti mawili yanagombea wasomaji wa mtaa mmoja. Moja la tajiri, jingine la wachapaji wanne wenye mashine moja mbovu. Aliyeitengeneza hakuwa na kitu, mtu hakuhitaji kuambiwa. Ukuta uleule ulipita mara tatu, na farasi mmoja mwenye doa alivuta magari ya mji mzima. Lakini mkono wake! Kamera ilikimbia na watu hadi mtazamaji naye akahema. Huyu, aliwaza Maulidi, kapika karamu kwa kibaba kimoja.

Ila mabenchi hayajazwi na mapenzi ya mtu mmoja. Akafanya wanalofanya watafsiri wote: akampa mbaya wa filamu jina la mtu anayejulikana.

"Huyu tajiri mwenye kofia," akanguruma, "ndiye Kazimili! Kaona jirani ana wasomaji, usingizi umemruka!"

Kicheko kikalipuka. "Kazimili, mwogope Mungu!" akapaza Nshoma, mchoma mishikaki. Waliotoka wakarudi na wenzao. Tajiri alipotuma wahuni wakamwage topeni herufi za chuma ambazo jirani alichapia gazeti, hapakuwa na pa kukaa. Ndipo Kazimili mwenyewe akaingia.

"Shikamoo, mzee. Nasikia nimo humu."

"Marahaba. Simama hapo ujitazame."

Hapo Maulidi akakumbuka kinachofuata. Jana aliiangalia yote. Njaa ya wateja ikamsahaulisha. Tajiri alikuwa akishuka garini, akiingia topeni na suti yake.

"Sema anakuja kuiba zilizobaki," Zulfa akamnong'oneza. "Mmalize, babu!"

Nani angejua? Miaka thelathini alikuwa ametia chumvi, amewaozesha wasiooana. Lakini pale, mtu aliyekosa hata ukuta wa pili alikuwa ameilaza kamera chini, usawa wa tope, akangoja. Kumgeuzia maneno kungekuwa kumwibia maskini.

"Kazimili," akasema polepole, "anapiga magoti. Anaokota herufi. Anazifuta kwa tai yake. Anamwambia jirani: ukifa wewe, mimi nitashindana na nani?"

Kazimili aliketi sakafuni, akatazama mpaka mwisho.

Mabenchi yalijaa siku ile na wiki nane zilizofuata. Kisha simu za mkononi zikayamaliza mabanda yote mawili. Zulfa anauza mahindi. Nshoma bado anachoma mishikaki. Kazimili yuko Rusumo, anashughulikia mizigo ya malori mpakani. Maulidi anaishi Nyarubungo kwa binti yake Shamsia, na macho yake hayaoni mbali. Diski ya filamu ile aliiomba Kazimili, akapewa; akipita Nyarubungo huja nayo, wakaiweka. Imekwaruzika. Hufika pale tajiri anapopiga magoti, ikaganda, na Maulidi humalizia kwa mdomo.