Majiko Yaliyopita kwa Kadi ya Shemeji

Kiwandani kila jiko la gesi lilikuwa na stika yake, na kila stika ilikuwa na mistari myeusi ambayo mwanadamu haisomi, mashine tu ndiyo inayoijua. Bati likishakatwa linabandikwa stika, na tangu hapo halina siri tena. Nani alilikunja, nani alilipaka rangi, nani alilifunga skrubu, saa ngapi na dakika ngapi, yote yanapanda ghorofani kwenye kompyuta ya ofisi. Ile mashine ya kusomea stika wafanyakazi waliiita Mdaku, na jina lilimkaa.

Mdaku alikuwa na kero moja kubwa zaidi. Meza ikikaa dakika moja na nusu bila kupitisha jiko, taa nyekundu inawaka juu yake na nyapara anakuja mbio kuuliza kulikoni. Muda huo hautoshi kwenda msalani na kurudi, labda uende ukiwa umeshamaliza. Kwa hiyo watu walishikiana. Unamwambia jirani, "Nishikie," unaiacha kadi yako ya kazi, ile inayomwambia Mdaku nani yuko mezani, kwenye Mdaku wa meza yako, naye anafanya kazi yako na yake mpaka urudi. Tangazo la ukutani lilisema anayetumia kadi ya mwenzake anafukuzwa siku hiyo hiyo. Watu walilisoma, wakashikiana chini yake. Aliyekataa kumshikia mwenzake alionekana hana utu.

Mwanamke mwenye kisa hiki alikuwa akifunga miguu ya mpira chini ya majiko, minne kila jiko, na kwa kazi hiyo kiwanda kizima kilimwita Miguu. Meza iliyotangulia ya kwake ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mfunga skrubu. Ndiye aliyemwombea kazi miaka sita nyuma, na tangu hapo walisimama bega kwa bega wakitaniana kutwa nzima.

Jumanne moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Shemeji aliweka bisibisi mezani akajishika kifua.

"Nishikie kidogo. Kifua kinanibana. Nikanywe maji."

"Maji au usingizi? Nakujua wewe."

"Ukiona nimechelewa ujue nimeoa huko."

"Dada atakufuata huko huko, wewe na huyo bibi harusi wako."

Akacheka, akaenda. Miguu hakugeuka kumtazama anavyotembea, kwa sababu jiko lilishafika.

Skrubu nne, pitisha kwa kadi ya Shemeji, kimbilia meza ya pili, miguu minne, pitisha kwa kadi yako, rudi. Si mchezo. Dakika tano za kwanza Miguu alifanya kwa moyo mweupe. Zilipofika kumi na tano akanuna. Zilipofika ishirini na tano alikuwa anamtukana kimoyomoyo, matusi mazito ambayo hajawahi kumtamkia mtu. Nyapara alipita, akaona mwanamke mmoja kwenye meza mbili, akamkonyeza na kwenda zake. Jasho lilimtiririka Miguu hadi kiunoni, lakini taa nyekundu haikuwaka hata mara moja, na yeye akajiona shujaa.

King'ora cha chai kililia saa nne kamili. Waliotangulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo ndio waliopiga kelele. Shemeji alikuwa sakafuni, kifudifudi. Alikuwa amejivuta kutoka kwenye benchi hadi hatua mbili tu toka mlangoni, na vumbi la sakafu lilionyesha alikopita. Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba alikuwa amekufa nusu saa hivi kabla ya kukutwa, na kwamba kama angewahiwa, pengine. Hakumalizia, na hakuna aliyemtaka amalizie.

Nusu saa. Miguu alipiga hesabu akiwa amesimama pale pale koridoni. Shemeji aliondoka saa tatu na dakika kumi. Dakika ishirini alikuwa hai, anajivuta sakafuni. Kama asingeshikiwa, taa ingewaka kabla hajafikisha dakika mbili, na nyapara angekwenda kumtafuta akimfokea. Angemkuta, akiwa hai.

Jioni hiyo ofisi ilileta salamu nyumbani kwa Dada: kompyuta inaonyesha marehemu alikuwa kazini, mzima, hadi saa nne kasoro dakika moja. Dada akaishika habari hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ila siku zile kila aliyeingia kutoa pole alisimuliwa upya.

"Daktari gani huyo? Maiti inafunga skrubu? Kompyuta haina mjomba wala shangazi, haimpendelei mtu. Mume wangu alizimika ghafla. Hakuteseka. Mdogo wangu huyu alikuwa ubavuni kwake, muulizeni."

Wakamuuliza. Mara ya kwanza Miguu aliitikia kwa kichwa tu. Mara ya pili akasema, ndiyo, alikuwa mzima. Kufikia siku ya tatu Shemeji alikuwa anapiga mluzi, anacheka, anaulizia kitoweo cha mchana. Kila mgeni aliondoka na kipande kipya, na Dada alikikusanya kila kimoja akakirudia kwa anayefuata. Miguu alijichukia. Usiku alikuwa hapati usingizi, chakula alikuwa hakigusi, na watu walimsifu kwa kumpenda shemeji yake namna ile.

Siku hiyo ya tatu, alasiri, wageni walipopungua, nyapara alikuja na bahasha ya kaki. Alikaa ukingoni mwa kochi, akakataa chai, akatoa karatasi zilizochapwa: kila jiko lililopita meza ya skrubu asubuhi ile, mstari kwa mstari, na saa yake. Chini yake ilikuwa karatasi nyingine yenye maneno machache na nafasi ya sahihi.

"Ni utaratibu tu," alisema. "Shahidi aliyekuwa jirani yake anathibitisha marehemu alifanya kazi hadi saa hiyo. Halafu faili linafungwa, tunamwacha apumzike."

Akamtazama Miguu wakati anasema shahidi. Alijua, na alijua kwamba Miguu anajua kuwa anajua.

Dada alichukua kalamu akampa mdogo wake, akaifunika mikono ya Miguu kwa mikono yake yote miwili.

"Weka sahihi, mdogo wangu. Mimi nimelia sana, lakini jambo moja namshukuru Mungu. Hakufa peke yake. Ulikuwepo."

Hapo ndipo aliposhindwa. Kalamu ilimtoka ikaanguka chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Sikuwepo, Dada."

"Hukuwepo wapi?"

"Aliniambia nimshikie. Saa tatu na dakika kumi. Kifua kilikuwa kinambana, akasema anakwenda kunywa maji. Nikamtania. Nikamshikia mpaka king'ora kikalia. Hayo majiko ya kwenye karatasi ni mimi niliyapitisha kwa kadi yake. Mluzi nimeutunga. Daktari hakukosea."

Nyapara alisimama. "Uchungu huo," alimwambia Dada haraka haraka. "Watu wakifiwa wanajibebesha mambo." Kisha akamgeukia Miguu, na sauti ikashuka. "Unajua unachokisema? Sheria ya kadi unaijua."

"Wewe ulinipita ukanikonyeza."

"Mimi sijakuona. Kesho kadi yako uiache getini." Akaichukua bahasha, ila zile karatasi za majiko zilikuwa zimeshashikwa na Dada, na jinsi Dada alivyozishika, nyapara hakuthubutu kuzidai. Akatoka bila kuaga.

Dada aliketi akizitazama. Miguu alikuwa amepiga magoti mbele yake, anangoja kofi, anangoja tusi. Angelipokea lolote na kushukuru.

"Nionyeshe alipoishia yeye," Dada alisema.

Miguu alipitisha kidole kwenye mistari. Hakuhitaji hata kutazama saa. Mikono ya Shemeji ilipitisha jiko kila nusu dakika, bila kupepesuka, ukurasa mzima. Kisha pengo linaongezeka, na toka hapo majiko yanakuja kwa kuchelewachelewa, ya mtu anayekimbia baina ya meza mbili.

"Hapa. Hili ndilo lake la mwisho."

Dada aliugusa mstari wa lile jiko kwa ncha ya kidole, kwa upole.

"Na haya ya chini?"

"Ni mimi, Dada."

"Mangapi?"

"Sabini na moja."

"Wakati unapitisha baadhi ya haya, alikuwa bado hai."

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyejua."

"Hakuna. Taa haikuwaka."

Dada alimrudishia karatasi. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake haikupanda.

"Soma."

"Dada, nakuomba."

"Nimekwambia soma. Moja moja, na saa yake."

Miguu akasoma. Saa tatu na dakika kumi na moja. Saa tatu na dakika kumi na mbili, mara mbili. Alisoma huku kamasi zinamtoka, anajifuta kwa kiganja, anaendelea. Kwenye saa tatu na nusu alikosea, akaurudia mstari. Wageni wawili walifika mlangoni, wakasikia mtu anataja dakika baada ya dakika, wakarudi nyuma kimya kimya. Nje kulikuwa kunaanza giza alipolifikia la mwisho, la saa nne kasoro dakika moja. Akaishusha karatasi, akamtazama dada yake, akisubiri kuambiwa aondoke au abaki.

"Rudia," Dada alisema. "Ulikuwa unasoma haraka."

Miguu akarudi kwenye mstari wa kwanza, akaanza tena.