Kitambaa cha Buluu

Kazi yangu ni kushusha sahani ya kupimia usafi wa maji. Ni bati jeupe la mviringo lililofungwa kamba katikati. Unalitumbukiza kwenye maji ya ghuba, unalitazama likizama mpaka lisionekane tena, hapo unahesabu vitambaa vya kwenye kamba vilivyoingia majini, kila kimoja mita moja, unaandika daftarini. Basi. Haitaki shule, ndiyo maana wameniachia mimi miaka ishirini na mitatu.

Vitambaa alivishona marehemu mke wangu, maana alama za rangi zilikuwa zikifutika. Cha sita alikikata kwenye pindo la gauni lake la buluu. Wakati huo sahani ilikuwa ikionekana mpaka huko. Halafu wakubwa wakajenga tuta la barabara, likaziba nusu ya mdomo wa ghuba, na humo humo wakaelekeza bomba la maji machafu ya mji mzima. Uchafu ukakosa pa kutokea. Tano. Nne. Tatu. Mbili. Vitambaa vya karibu na sahani vimekuwa kama tambara la kufutia masufuria. Cha buluu kina miaka kumi na minane hakijaonja maji.

Juzi mtaalamu mpya, binti wa rika la kitindamimba wangu, alikuwa ofisini na madaftari yote, akichora mstari wa vipimo vya miaka yote. Mkuu wa kituo kasimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Mzee, hebu njoo," binti akaniita. "Sahani inafika mbili, miaka inapita. Ghafla mwaka huu mmoja inafika nne. Kisha mbili tena. Kulikuwa na nini?"

"Ghuba ilijisafisha," mkuu akadakia. "Na kesho kwenye kikao cha bomba tutasema hivyo. Ilijisafisha na bomba likiwa pale pale, sasa tulihamishe la nini?"

"Ilijisafisha kwa sabuni gani?" nikamuuliza.

"Mzee naye kwa maneno. Mwandiko huu si wako?"

Ulikuwa wangu. Mwaka ule mkuu aliniita nyuma ya ghala akasema tume ya wakubwa inakuja, nisimwaibishe, kila mbili niiandike nne. Nikaandika. Tangazo likabandikwa sokoni kwamba maji ya ghuba hayana neno.

Mke wangu alikuwa muokota chaza. Nilishamkataza kuingia yale maji, akatii. Aliposoma tangazo akanicheka.

"Baba watoto, sahani yako mwenyewe imesema nne, wewe unanitisha na nini?"

Nilijiambia ngoja tume iondoke, nitamweleza. Wiki hiyo hiyo gamba la chaza likamchana unyayo. Kidonda kidogo, hata hakuchechemea. Siku ya kumi na moja tukamzika.

Wakubwa nimewalaani tangu hapo, na sijaacha. Bomba ni lao, tuta ni lao. Lakini mke wangu hakumwamini mkubwa yeyote. Aliniamini mimi.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "nipe kalamu. Hakuna kilichojisafisha. Zilikuwa mbili."

Mkuu akaweka kikombe chini. "Fikiri, mzee. Sahihi ni yako, si yangu. Atakayefukuzwa ni wewe."

"Nifukuzwe. Nitakuwa na nafasi ya kwenda kikaoni kusema nani aliniagiza."

Binti akanisogezea daftari na kalamu, na kiti pia.

Nikafungua mwaka ule. Mwezi wa kwanza, nikakata nne, nikaandika mbili, nikatia sahihi pembeni. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ndio tuliomzika. Nikakata huo pia.

"Imetosha, baba?" binti akauliza taratibu.

"Bado."

Nikafunua ukurasa. Nilikuwa nimesahau. Miezi tisa baada ya kumzika, nilikuwa bado naandika nne.