Daraja la Mwaka wa Pili

Mlinzi wa jengo la masomo ya uzamili alikuwa akimenya chungwa wakati mwanamke mmoja, mpimaji wa mita za maji, alipoingia, mkono mmoja kashika bahasha ya maombi, mwingine kamshika binti yake. Mlinzi akamwelekeza kwa ncha ya kisu. Ofisi ya udahili iko juu, akasema, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Ngazi za jengo lile hujipanga kwa matokeo ya anayepanda. Kijana aliyetangulia, mwenye daraja la kwanza, alipanda huku akiongea na simu. Mpimaji alipokanyaga, ngazi zikajipanga upya, zikilia kama kitanda cha zamani. Vipandio vya mwaka wa kwanza vilikuwa vya kawaida, imara. Vya mwaka wa tatu na wa nne, kule juu, vilikuwa vipana na vinang'aa. Katikati, penye mwaka wa pili, hapakuwa na kitu.

Akachungulia. Chini ya pengo kulikuwa na chumba cha mtihani, feni inazunguka, watahiniwa wameinama. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Alikitambua.

Siku ya mtihani ule yeye alikuwa leba. Mama yake ndiye aliyekimbia chuoni kumwombea aahirishiwe, akajibiwa kwamba mtihani haungoji mtu. "Basi na huyu naye hakungoja," mama alisema wodini, akimfunika mjukuu, na tangu hapo mtoto akaitwa Mtihani. Mwaka ule wote ukaenda na maji. Miaka iliyofuata mpimaji alisoma huku ananyonyesha, akafaulu kuliko wote darasani, lakini pengo lilibaki palepale.

Akateremka, akampigia mama simu. Alimweleza kwamba pengo ni kama urefu wa Mtihani akiinua mikono. Mama hakuuliza mengi. Alisema penye nia pana njia, ila penye shimo panataka ubao, akakata simu.

Alasiri akaja, kajitwisha mfumbati wa kitanda cha mjukuu, ule ubao mrefu wa ubavuni, bado una stika za vipepeo. Mlinzi akampa shikamoo, akampisha.

"Sasa mtoto atalala wapi, mama?" mpimaji akauliza.

"Chini. Akianguka hatafika mbali."

Wakaulaza ubao juu ya pengo. Mama akaukanyaga kuujaribu, akaridhika.

"Haya, daraja hilo," akasema. "Wakikunyima la kwao, pita kwa la kwako."

Mpimaji akavuka, Mtihani kamshika kidole. Walipofika katikati, msimamizi aliyekuwa akipita kati ya madawati kule chini aliinua uso.

"Umechelewa."

"Nilikuwa leba. Huyu hapa."

Msimamizi akamtazama mtoto, hata akampungia mkono. Kisha akaangalia saa. "Mtihani haungoji mtu," akasema, akaendelea na mzunguko wake.

"Mama, mimi si huwa nangoja?" mtoto akanong'ona.

"Unangoja, mwanangu. Tembea."

Juu, karani wa udahili alipekua matokeo, akafika mwaka wa pili, akauliza hapa alipitaje. Akajibiwa kwamba alipita kwa ubao. Karani akaandika "ubao", akagonga mhuri.

Mpimaji akakubaliwa. Siku ya kwanza ya masomo alikuta mfumbati umeshaondolewa, kwa kuwa vyombo vya nyumbani haviruhusiwi kuachwa ngazini. Ukutani chuo kilikuwa kimebandika tangazo kwamba waombaji wenye mapengo waje na mbao zao. Mlinzi alisema uongozi umelishughulikia suala hilo.

Chini ya tangazo alisimama mwombaji mmoja wa udahili ujao, mtoto mgongoni na mwingine kifuani, akilipima pengo lake kwa macho.

"Langu pana," akamwambia mpimaji. "Nilizaa pacha."

Mpimaji akachungulia naye. Feni ilikuwa inazunguka, na msimamizi alikuwa akiangalia saa. Akatoa simu, akamuuliza mama kama ule mfumbati mwingine wa kitanda bado upo.

Mama akasema upo, anakuja nao sasa hivi, na Mtihani ameshazoea kulala chini.