Mguu Uliotazama Mlangoni

Mguu wa kwanza ambao Theavy alimtengenezea mume wangu ulitoka ukitazama mlangoni.

Babu Phan, ndivyo wote wanavyomwita mume wangu, alikuwa amesimama kati ya vyuma viwili vya kushikia. Uso wake ulielekea dirishani na goti lake lilielekea dirishani, lakini unyayo wa bandia ulikuwa umegeukia pembeni kabisa, kama mgeni aliyechoka na maongezi anayetafuta njia ya kuaga.

"Huu mguu una akili kunishinda," mume wangu akasema. "Umeshajua mambo ya hapa, unataka kurudi nyumbani."

"Ufuate tu, Babu!" Loeung alipiga kelele kutoka kwenye benchi. Yeye ni dereva wa bajaji hapa mjini Battambang, naye alikuwa amekuja kurekebishiwa mguu wake. "Pengine unajua wanakouza pombe ya mchele!"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka. Theavy hakucheka. Alipiga magoti sakafuni akaushika ule unyayo wa mpira kwa mikono miwili, akaujaribu huku na huku, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Mwalimu Sambath, msimamizi wake, akaja akamvua Babu ule mguu taratibu, akakitazama kigutu chake kilichokatwa chini ya goti. Palikuwa na alama nyekundu kwenye ngozi iliyo juu ya mfupa. Hakupandisha sauti. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Ulipomfunga plasta ya kuchukua umbo, alikuwa amekakamaa na amejipinda," alimwambia Theavy. "Plasta inashika kile inachopewa. Utamfunga tena kesho. Lakini unajua, binti yangu, hii ni mara ya mwisho."

Theavy alijua, na mimi nilijua. Theavy ni mtoto wa kijijini kwetu. Kati ya nyumba yao na yetu ni safu ya miti ya mivumo tu. Alichaguliwa na watu wanaosomesha vijana wa mashambani, akapelekwa chuo cha Phnom Penh kujifunza kutengeneza miguu ya bandia, na sasa alikuwa kwenye kazi yake ya kwanza, kwenye karakana hii. Kazi yenyewe ilikuwa na sharti moja. Atengeneze mguu kwa mikono yake mwenyewe, tangu plasta hadi kiatu, na mwenye mguu atembee mbele ya msimamizi bila kushika kitu chochote. Akishindwa, arudie mwaka mzima chuoni, na wafadhili hawalipii mwaka wa kurudia. Dada yake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na alishamtafutia nafasi kwenye cherehani iliyo jirani na yake.

Mimi ndiye niliyemleta mume wangu. Yeye hakutaka. Zamani sana, kwenye kambi ya mpakani, walimpa mguu wa mti uliomtoa vidonda, akauvua na kuapa hatavaa mwingine. Tuliutundika chini ya nyumba, kuku akataga mayai ndani yake. Tangu bomu la ardhini lilipomkata mguu alitembea na gongo, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa wa gongo, salamu yake, ambayo kwetu ni ya viganja viwili vilivyounganishwa, ikawa ya kiganja kimoja. Watu walielewa. Nani asingeelewa? Lakini yeye kila alipokutana na mkubwa au mtawa akainua kiganja kimoja tu mbele ya uso, hicho kimoja kisicho na mwenzake, niliona shingo yake ikiinama kuliko inavyohitajika. Harusini alikuwa akikaa nyuma kabisa.

Nilimlazimisha kwa sababu ya deni la moyo. Theavy alipokuwa sekondari, ndiye aliyekuwa akija jioni kwenye ukumbi wa pagoda, hekalu la kijiji, kutufundisha kusoma sisi wanawake wazima. Vidole vyangu vilivyozoea kupandikiza mpunga viliishika chaki kama mche, nikaivunja mara nyingi, naye akiokota vipande ananirudishia. "Bibi Oun," aliniambia, "wewe ndiye mwanafunzi wangu mkubwa, usinitie aibu." Siku niliyosoma sala kwa macho yangu, sala niliyoijua kwa masikio tangu utotoni, niliisoma tena tangu mwanzo. Kwa hiyo alipokuja kumwomba mume wangu awe mgonjwa wake wa kwanza, nilimwambia mzee, "Yule mtoto alinipa macho. Wewe huwezi kumpa mguu?"

"Mguu wenyewe sina, nimpe nini?" akajibu. Lakini alikuja.

Jioni ile ya mguu uliotazama mlangoni, tuliketi kwenye kibanda cha wageni nyuma ya karakana tukila wali na samaki wa kukaanga. Nikamuuliza kwa nini alijipinda.

"Sikujipinda."

"Mzee, nimekuona. Ulikunja miguu pembeni kama uko mbele ya watawa, usiwaelekezee nyayo."

Akatafuna kwanza. "Umeona alipokaa? Kwenye kile kigoda kifupi. Kichwa chake kiko hapa." Akaonyesha goti lake. "Nimwelekezee mtoto wa watu kigutu usoni? Mtoto aliyesoma? Kipande cha nyama kisicho hata na jina! Mguu unaondoka wenyewe, Bibi, siuambii."

"Basi uambie ubaki."

"Uambie wewe. Nyie ndio mnaojua kusoma."

Nilipogeuka nilimwona Theavy mlangoni, ameshika bakuli la mchuzi aliotuletea. Alikuwa amesikia. Aliliweka chini, akainama, akaondoka. Nilijua anakwenda kulia. Usiku ule niliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu. Sikuomba mguu. Niliogopa kuomba kitu kikubwa hivyo. Niliomba tu mtoto yule asione aibu.

Asubuhi alitukuta tumeshakaa kwenye chumba cha plasta. Hakushika bendeji mkononi. Alibeba beseni la bati lenye maji ya uvuguvugu, na juu ya maji yalielea maua ya asumini, yale yanayouzwa getini kwa ajili ya madhabahu. Akaliweka sakafuni. Hakukalia kigoda. Alikunja miguu yake pembeni akaketi chini kabisa, akaunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa hadi sakafuni.

"Babu," alisema, "Mwaka Mpya ulipita nikiwa chuoni. Sikuja kukuogesha."

Mume wangu alinitazama.

Kila Mwaka Mpya, ambao kwetu huangukia mwezi wa nne, watoto wa kijijini huwaogesha wazazi na mababu zao kwa maji ya maua, wakiwaomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima. Sisi watoto wetu wawili tuliwazika katika ile miaka ya njaa. Watoto wa majirani hawakutusahau, walikuja na mabeseni yao. Mume wangu aliwapa mguu mmoja waoshe. Ule mwingine aliufunika kwa kitambaa chake cha miraba na kusema una baridi. Kila mwaka una baridi, na jua la mwezi wa nne linapasua udongo.

"Babu, naomba radhi," Theavy akaendelea, "kwa niliyokukosea kwa mkono, kwa mdomo na kwa moyo."

Maneno hayo yana jibu lake. Mzee yeyote wa kwetu akiyasikia, jibu linatoka lenyewe. Mume wangu alijaribu kulizuia. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mjukuu wangu. Uwe na umri mrefu. Uwe na sura njema, uwe na afya, uwe na nguvu."

Theavy akauosha mguu mzima kwanza, kidole kwa kidole. Halafu, bila kuuliza na bila haraka, akakinyanyua kigutu kwa viganja viwili, kama tunavyonyanyua chakula cha watawa, akakimwagia maji.

Mimi mkewe niliwahi kukisafisha wakati wa vidonda, wakati ule tulipokuwa tukisafisha kwa sababu kisiposafishwa mtu anakufa. Sikuwahi kukiosha hivi. Hakuna aliyewahi. Mume wangu alikuwa amefumba macho na midomo yake iliendelea kubariki, baraka zilizokwisha kwisha akazianza upya, na nikaona kigutu kile, ambacho kwa miaka zaidi ya thelathini kilikuwa kikijificha kama mwizi, kimelala mikononi mwa yule msichana, kizito na kimelegea, kama mtoto aliyeshikwa na usingizi njiani.

Hapo ndipo Theavy alipovuta bendeji za plasta kutoka mfuko wa aproni. Plasta lazima ilowe kwanza. Akaichovya katika maji yale yale, akaanza kuizungusha, polepole, akiilainisha kwa vidole pembeni mwa goti, na mume wangu hakufumbua macho. Nilisali sala yangu kwa sauti ndogo. Sijui nani alianza, mimi au yeye, lakini baada ya muda tulikuwa tunaisali pamoja.

Plasta ilipokauka na kuvuliwa, Mwalimu Sambath aliigeuza mkononi mwake. Ua moja la asumini lilikuwa limeshikwa ndani ya plasta, petali zake zimefunguka. Alilitazama, akamtazama Theavy, akarudisha ile plasta mezani kwa mikono miwili.

"Endelea," alisema.

Siku ya kujaribu mguu wa pili, benchi lilijaa. Loeung alikuwa ameshamaliza shida yake lakini alirudi, na bajaji yake akaiacha nje ikipigwa jua.

"Nimekuja kuona unatazama wapi leo," alisema.

"Unakutazama wewe," mume wangu akamjibu, "ujue pa kukupiga."

Theavy akamvisha. Akafunga mkanda, akavuta suruali chini, akasogea nyuma. Mume wangu akashika vyuma, akajivuta, akasimama.

Nilikuwa nimesimama mbele yake ili akihitaji maji nimpe. Na macho yangu yakajikuta yanatazama kidevu chake. Nikayainua. Nikayainua tena. Gongo lilikuwa limemkunja kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, nami nikawa nimezoea kuongea na mtu wa kimo changu. Nilikuwa nimesahau kwamba niliolewa na mtu mrefu. Mwenyewe alinitazama kutoka kule juu kama anayenitafuta.

"Bibi Oun," akasema, "mbona umekuwa mfupi?"

Unyayo ulitazama mbele, sawasawa na goti. Akapiga hatua akishika vyuma, akafika mwisho, akarudi. Mwalimu Sambath akakagua ngozi na mfupa. Hakuna wekundu.

"Vizuri sana, Babu. Sasa achia mikono."

Mume wangu hakuachia.

"Chuma kimoja tu kwanza."

"Nitaanguka."

"Hutaanguka, Babu, nipo hapa," Theavy akasema.

"Wewe una uzito wa kuku. Nitakuangukia tufe wote."

Watu wakacheka, lakini mimi niliona vidole vyake. Vilikuwa vyeupe juu ya kile chuma. Alijaribu. Nashuhudia kwamba alijaribu, jasho lilimtoka mpaka shati likamganda mgongoni. Kila alipolegeza kidole kimoja kingine kilikaza zaidi. Alipumzika, akajaribu tena, na tena. Loeung alikuwa ameacha utani, anachezea funguo zake tu. Mwalimu Sambath akatazama chini, na katika kutazama kule chini nikasoma cherehani ya kiwandani, na dada anayesogea kumpisha mdogo wake.

Theavy naye alisoma. Akasogea, akasimama mbele ya mume wangu.

"Imetosha, Babu. Mguu ni wako, utauzoea taratibu nyumbani. Mimi ndiye niliyekuchosha."

Akaunganisha viganja, akavipandisha, akainamisha kichwa, kumwomba radhi na kumuaga.

Mtu wa kwetu akiinuliwa viganja hujibu. Hafikiri. Mtoto hufundishwa kabla hajajua kusema, mama akimshika vile vikono na kuviunganisha. Mume wangu alikuwa hajajibu salamu kwa mikono miwili akiwa amesimama tangu alipokuwa kijana wa nywele nyeusi, lakini mikono haikusahau.

Ikaachia vyuma.

Yote miwili ikaachia, ikakutana mbele ya kifua chake, kiganja kwa kiganja. Pale kifuani ndipo mzee humjibia mtoto. Haikuishia pale. Ilipanda ikapita midomo, ikafika puani, mahali tunapowawekea wazazi wetu na walimu wetu, na pale ikatulia. Akainamisha kichwa chake chenye mvi mbele ya msichana yule.

Theavy akapiga magoti, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kubaki amesimama akipewa salamu ya namna hiyo. "Babu," alisema, "Babu, usifanye hivyo. Babu, mikono yako!"

"Imefanya nini?"

Akafumbua macho akaitazama. Ilikuwa mbele ya uso wake, miwili, haijashika kitu. Akatazama chuma cha kushoto, akatazama cha kulia. Nilidhani ataogopa na kushika tena.

"Ondoka hapo njiani, mjukuu wangu," alisema kwa upole. "Nisije nikakukanyaga."

Theavy akasogea kwa magoti. Naye akapita. Mguu wake, na mguu wa Theavy, na wake, na wa Theavy, akitoka kati ya vile vyuma, akivuka sakafu ya saruji, viganja bado vimeunganishwa kana kwamba anaogopa kuvitenganisha. Mwalimu Sambath alitembea nyuma yake mikono imetandazwa, hakumgusa. Gongo lilibaki limeegemea ukutani.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Nilikiweka chini, na viganja vyangu vikapanda vyenyewe, vikapita kidevu, vikapita pua, vikapita nyusi, vikafika kwenye paji la uso, mahali ambapo humwinulia Buddha peke yake. Sijui nilikuwa nikimwinulia nani. Nilivishikilia pale juu mpaka mume wangu alipofika.