Vipimo vya Mara ya Pili

Tepu ilipopita mgongoni mwa tarishi kwa mara ya pili, fundi aliona kitu ambacho macho yake hayakukitaka. Akajifanya tepu imejikunja. Akapima tena. Ni yale yale: kutoka kiunoni mpaka begani, mtu mzima amepungua sentimita tano, kwa miezi miwili tu.

Sasa, huyu fundi alikuwa na desturi yake, na ukitaka mgombane iguse hiyo. Alitengeneza fremu za baiskeli moja moja, kila moja kwa mwili wa mwenyewe, na alimpima kila mteja mara mbili: siku ya kuagiza na siku ya kukata chuma. Watu walimcheka, wakisema hata jeneza hupimwa mara moja. Yeye aliwajibu kuwa maiti halalamiki mgongo.

Tarishi alikuwa amepeleka barua miaka thelathini juu ya baiskeli za ofisi, zote za miguu ya watu wengine. Alipostaafu akasema naye apate yake, jamani. Hata kulala mpaka saa mbili hajakuzoea, ugonjwa ukamdaka. Lakini daktari alimwambia dawa zikikubali mwili utarudi, na kwenye maneno hayo ndipo alipojishikiza. Fremu ikiwa tayari, aliapa, ataupanda ule mlima wa posta ya juu bila kushuka.

"Andika vile vya kwanza, fundi," alisema akifunga vifungo vya shati. "Hivi vya leo vya kupita tu."

Mkewe, aliyesimama mlangoni na sweta ya mumewe mkononi, akaangalia chini.

Fundi aliitikia sawa, ila ukutani akaandika vyote kwa chaki, safu mbili. Siku tatu msumeno haukushikika. Fremu kubwa itamtesa mgonjwa wa watu, aliwaza, usukani hataufikia, ataaibika mbele ya mkewe. Na tangu aanze kazi hajawahi kukata chuma kinyume na tepu. Basi akakata vya pili. Akaunga kwa shaba, akapaka ile bluu aliyoagizwa, akajiona ana huruma kweli.

Siku ya kuichukua, tarishi alikuja ameegemea bega la mkewe. Fundi akaishika baiskeli, mke akampandisha. Mikono ikafika kwenye usukani bila kujinyoosha. Mgongo ukatulia. Magoti sawasawa. Maishani mwake fundi hakuwahi kuona mtu aliyekaa vizuri namna ile.

Tarishi aliitazama mikono yake. Halafu akatazama ukutani, kwenye zile safu mbili za chaki.

"Kumbe inanienea," akasema.

"Inakuenea kabisa, mzee mwenzangu."

"Nilitaka inizidi, fundi. Inizidi kidogo tu."



"Mshushe, shemeji," mke alisema taratibu.

Wakaondoka, mke akiisukuma baiskeli, mume kashikilia tandiko kama mtu anayesindikizwa. Fundi akachukua kitambaa afute ukuta, kama afanyavyo kila kazi ikiisha. Akasimama pale mpaka chai yake ikapoa, hajui aanze na safu ipi.